Maji yakishaingia, yanatokea wapi?

Mtaro unaopita mbele ya nyumba yetu una upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 80. Najua kwa sababu nimeupima kwa futi yangu ya kushonea, ile ya manjano inayoshinda shingoni kwangu kutwa. Mara ya kwanza kuupima ilikuwa alfajiri moja ya Aprili, masika ya mwaka huu wa 2025, kanga nimeikunja magotini. Usiku huo maji ya mvua yalikuwa yameingia sebuleni kwa jirani yangu muuza mihogo, yakamlowesha godoro, unga na madaftari ya watoto. Nikaishusha futi mtaroni mpaka ikagota. Ikasoma 14. Maana yake, katika sentimita 80 za kina, 66 zilikuwa mchanga na takataka.

Tunakaa Ngamiani, hapa Tanga mjini. Kwa asiyepajua, Ngamiani ni ile sehemu ambayo barabara zake zimenyooka kama mistari ya daftari na zinaitwa kwa namba: barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea. Nyumba za Kiswahili zimepangana baraza kwa baraza. Ardhi ni tambarare, na hilo la utambarare ndilo lililonifanya niandike leo, kwa sababu maji kwenye tambarare hayana haraka ya kwenda popote usipoyaonyesha njia.

Mwaka jana habari kubwa ya mji wetu ilikuwa maji. Februari 2024 mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, ilizindua hatifungani ya kijani, yaani mkopo wa miradi inayotunza mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Badala ya kungoja bajeti peke yake, mamlaka ikawakopa wananchi na taasisi, na fedha zilizopatikana zikazidi kiasi kilichoombwa. Mei mwaka huohuo hatifungani ikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Lengo ni kukarabati na kupanua mitambo na mabomba, uzalishaji utoke lita milioni 45 kwa siku ufike lita milioni 60, na maji yafike vizuri zaidi hata Muheza, Pangani na Mkinga.

Kikundi chetu cha vikoba, cha kuweka na kukopeshana, wanawake kumi na tisa, tulibishana majuma matatu kabla ya kununua. Bibi mmoja mkubwa kuliko sote aliuliza swali ambalo mpaka leo naliona ndilo lililokuwa la maana kuliko yote: "Wanangu, tukinunua hii tunakuwa tumenunua nini? Bomba?" Hakuna aliyekuwa na jibu la kumtosheleza. Mweka hazina wetu alieleza riba, akaeleza miaka kumi, bibi akatikisa kichwa. Alitaka kujua kitu chenyewe. Mwishowe tuliweka shilingi milioni mbili. Riba yake ni 270,000 kwa mwaka, inalipwa mara mbili, 135,000 kila miezi sita. Shikeni hiyo 135,000, nitairudia.

Swali la bibi lilinisumbua, nikaanza kulifuata. Maji ya Tanga yanatoka mto Zigi, unaoteremka kutoka Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki. Mimi Amani nilifika mara moja tu, tulikwenda msibani. Nakumbuka basi likipanda taratibu kutoka Muheza, hewa ikibadilika, hiliki imeanikwa kwenye mikeka mbele ya nyumba, na mto unapita katikati ya mawe, maji meupe unaona mpaka chini. Maji hayo ndiyo yanayokuja kukusanyika bwawa la Mabayani, lililojengwa 1978, yakasafishwa, yakasukumwa mpaka kwenye bomba langu hapa Ngamiani. Kule juu kuna umoja wa wakulima unaoitwa UWAMAKIZI, wakulima wahifadhi mazingira wa Kihuhwi na Zigi. Kazi yao ni kutolima mpaka ukingoni mwa mto, kupanda miti, kuweka matuta na kutegemea zao lisilochubua ardhi. Mkulima wa mlimani akilima mpaka kwenye maji, mvua inabeba udongo wake, unashuka na Zigi, unatua bwawani. Kila sentimita ya tope kwenye sakafu ya bwawa ni maji ambayo hayana pa kukaa.

Nilipoelewa hivyo nikaenda kumwambia bibi: tumenunua udongo ubaki mlimani. Akacheka sana, akasema sasa nimeelewa.

Lakini alfajiri ile ya Aprili, futi ikiwa mkononi, niliona kitu ambacho hatukukifikiria katika majuma yote matatu ya kubishana. Mji wetu una watu karibu laki nne. Gawa lita milioni 45 kwa watu hao, unapata kama lita 112 kwa kila mtu kwa siku, hapo hujatoa ya viwanda wala yanayovuja njiani. Nzuri kabisa, na zikifika milioni 60 itakuwa nzuri zaidi. Maji hayo yakishaingia, yanatokea wapi? Hatuyali yakaisha. Tunafulia, tunaoshea samaki, tunapigia deki, kisha tunayamwaga. Sisi wa upande wetu wa barabara, nyumba kumi na moja, tunamwaga mtaroni. Nilikaa siku moja barazani na cherehani yangu nikahesabu ndoo. Nyumba moja kwa kawaida inamwaga kama ndoo 15 za lita 20. Kwa nyumba kumi na moja ni lita 3,300 kwa siku, na hiyo ni siku kavu.

Mvua nayo ina hesabu yake. Mpwa wangu wa kidato cha tatu ndiye aliyenifundisha: milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tukapima paa letu kwa kukadiria kutoka chini, mita 12 kwa 10, mita za mraba 120. Mvua ya milimita 20, ambayo masika ya Tanga huitoa bila kujikakamua, inashusha lita 2,400 kutoka paa letu peke yake. Paa kumi na moja kama letu, lita 26,400. Zote zinakimbilia mtaro wenye nafasi ya sentimita 14. Nilipoyaandika hayo kwenye daftari ninaloandikia vipimo vya wateja, sikuhitaji tena kuambiwa kwa nini godoro la jirani lilielea.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Jioni ya siku ileile nilichukua jembe nikaanza kuchokoa karibu na kivuko chetu, lile daraja dogo la kuvukia mtaro, nione ule uchafu ni nini. Mchanga ulikuwa mwingi, ule wa ujenzi unaomwagwa pembeni ya barabara na kuachwa mpaka fundi apatikane. Vifuu vya nazi. Chupa za plastiki. Kisha jembe likakamata kitu kikavutika kama kamba, kirefu, kizito, cheusi kwa tope. Nikakiosha kwa ndoo. Kikatokea kitenge cha bluu chenye maua ya njano. Nilikijua, maana nilikikata mimi mwenyewe mwaka jana, sare za harusi, watu kumi na wanne. Vipande vya kukatia vilivyokuwa vikidondoka barazani nilikuwa nikivifagia asubuhi, na ufagio ulikuwa ukiishia ukingoni mwa mtaro. Kitambaa kikilowa kinashika mchanga, mchanga unashika kifuu, kifuu kinashika chupa. Nilitoa vipande nikajaza nusu gunia. Nilimwendea jirani yangu nikamweleza, na nikamwomba radhi. Aliniambia, "Mwenzangu, hata maganda ya mihogo yangu yamo humo." Tukakaa pale barazani kwake, godoro limeegemezwa ukutani linakauka, tukapanga la kufanya.

Tangu siku hiyo kila asubuhi kabla ya kufungua kazi nilishusha futi mahali pale pale, nikaandika tarehe na kimo cha mchanga. Mvua ikinyesha niliandika pia maji yamepanda mpaka wapi na yamechukua muda gani kukauka. Ilikuja kurasa nne.

Mkutano wa mtaa ulipoitishwa nilikwenda na daftari. Niseme ukweli, kabla ya hapo nilikuwa nimehudhuria mikutano ya mtaa mara mbili tu maishani, mojawapo ikiwa baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, kwa kutaka kuwaona tuliowachagua. Mkutano wa mtaa si kitu cha kifahari. Viti vya plastiki vya kuazima, chini ya mwembe, mwenyekiti na wajumbe wake mbele, mtendaji wa mtaa na kitabu cha mahudhurio. Ilisomwa taarifa ya mapato na matumizi, fupi, kwa sababu mtaa wenyewe hauna fedha nyingi za kutaja. Kisha likaja suala la mitaro, watu wakapandisha sauti.

Mzee mmoja alisimama akasema analipa kodi ya jengo kila mwezi, shilingi 1,500 inakatwa kwenye LUKU anaponunua umeme, sasa kwa nini mtaro haujazibuliwa? Watu wakampigia makofi. Mwenyekiti, kwa heshima sana, akamjibu: "Mzee wangu, fedha ile haipiti kwenye droo yangu. Droo yangu hii hapa." Akaifungua ile bahasha ya taarifa. Sikuona kuwa anakwepa. Niliona kwamba mimi na mzee tulikuwa hatujui hata tumuulize nani.

Ndipo mtendaji akatuchambulia mtaro wetu, na naomba niyaandike hapa kwa sababu nimeona watu wengi hawayajui. Barabara ya mtaani pamoja na mtaro wake, tangu 2017, iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Taka zilizomo mtaroni ni suala la usafi, na hilo ni la Halmashauri ya Jiji. Bomba la maji linalokatiza juu ya mtaro ni la mamlaka ya maji. Na kile kivuko cha zege mbele ya geti lako, ulichojenga upite na pikipiki, ni chako wewe. Mtaro mmoja wa mita sabini, wenye nao wanne. Barua ikiandikwa kwa mmoja tu, robo tatu ya jambo inabaki palepale.

Nikaomba kusema. Nikasoma daftari. Aprili 9, sentimita 66. Aprili 12, baada ya mvua ya usiku, 69. Aprili 17, lori la mchanga limemwaga karibu na kona, 73. Nilisoma yote, na watu walinyamaza. Sikuwa nimezoea kunyamaziwa na watu wengi hivyo. Mtendaji alisema, "Mama, hilo daftari tunaliambatisha." Akatoa nakala, ikapanda na barua kutoka mtaa kwenda kata, na kutoka kata kwenda kwa wahusika.

Mhandisi alikuja na kijana wake na darubini ya kupimia miinuko. Kwanza aliuliza daftari. Alilisoma amesimama, akaniuliza nilipima wapi hasa, nikamwonyesha alama ya chaki niliyoweka kwenye zege. Halafu wakapima mtaro mzima. Tatizo kubwa, alisema, wala si mtaro. Mtaro umejengwa vizuri, una mteremko mdogo kama unavyotakiwa kuwa kwenye tambarare. Tatizo ni vivuko. Katika vivuko kumi na kimoja, vinne vilijengwa chini mno, zege limeingia ndani ya njia ya maji, pamebaki upenyo wa kiganja. Maji yakifika pale yanapunguza mwendo, na maji yakipunguza mwendo yanatua mchanga wake. Kila kivuko cha chini ni bwawa dogo.

Nilimtazama nikamwambia, kumbe ni Mabayani. Hakunielewa mpaka nilipomweleza habari ya hatifungani na udongo wa Zigi. Akasema ndiyo, ni jambo lilelile, kule tope linatua kwa sababu mto umefika mahali pa kupumzika, na hapa vilevile.

Tukakubaliana Mei 31, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo nchi nzima ni siku ya usafi. Jirani yetu mmoja, mzaliwa wa Lushoto, akasema kwao hii ingeitwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na hakuna mtu mzima angebaki ndani, jina likashika. Jambo lililochukua mazungumzo marefu kuliko yote lilikuwa gari. Sisi sote tumeshaona mitaro inavyozibuliwa: mchanga unatolewa, unalundikwa ukingoni, watu wanapiga picha, wanaondoka, na mvua ya kwanza inaurudisha wote ndani. Tulisema bila tipa kuwepo siku hiyohiyo hatuingii mtaroni. Mwenyekiti alihangaika, na tipa likapatikana. Mafuta tulichangia nusu.

Walikuja watu arobaini na tatu. Niliwahesabu, mkono umezoea. Vijana wa bodaboda walikuja na masululu, wazee walishika mafagio, akina mama tulibeba kwa karai. Jirani yangu alichemsha mihogo na nazi sufuria mbili. Watoto walipewa kazi ya kuokota chupa tu, na walikatazwa kugusa mtaro. Tipa lilikwenda safari tatu. Ilipofika saa saba mchana sakafu ya zege ilionekana, na palikuwa na watu wamekaa mtaa huu miaka kumi ambao hawakuwahi kuiona. Nikashusha futi. Themanini kamili. Mzee wa kodi ya jengo alikuwa amesimama nyuma yangu na fagio, akaniomba nipime tena mbele yake, nikapima tena.

Vivuko vinne vikabaki. Viwili wenyewe walivivunja wiki ileile, wakavijenga upya juu zaidi. Cha tatu mwenyewe yuko Dar es Salaam, mtendaji amempigia, ameahidi. Cha nne ni cha yule bibi wa vikoba. Mumewe, Mungu amrehemu, alikijenga kwa mikono yake na hakuna aliyemwambia kuhusu usawa wa maji. Bibi hana kipato zaidi ya anachopata kikundini na kwa mwanawe mmoja. Alituambia kikaoni, kwa sauti ya chini, kwamba hataki nyumba yake iwe ndiyo inayowalowesha wenzake.

Fundi alikadiria saruji mifuko minne, nondo, kokoto na ufundi wake, jumla 150,000. Mweka hazina akafungua kitabu. Riba ya nusu mwaka ilikuwa imeingia, 135,000, na haikuwa imepangiwa kitu. Hakuna aliyehutubia. Mmoja alisema tu fedha ya maji iende kwenye maji, wengine tukasema sawa, na 15,000 iliyopungua ikapatikana palepale mezani, mia tano mia tano na elfu elfu. Bibi alilia kidogo, kisha akaomba iandikwe kuwa ni mkopo. Tumeiandika hivyo kwa sababu ndivyo alivyotaka.

Fundi anaanza Jumanne. Amesema atapata usawa kwa mpira wa maji, ule mrefu unaoonyesha mwanga, unaujaza maji, unashika ncha moja huku na nyingine kule, na maji yenyewe yanakwambia mstari uko wapi. Vipande vyangu vya vitambaa siku hizi vinakwenda guniani, na binti mmoja wa barabara ya pili anavichukua kujazia mito. Daftari limo kwenye msumari karibu na mlango. Leo asubuhi, mchanga sentimita 6, chini ya kivuko cha bibi sentimita 19.